Samaki Mmoja Akioza... Lakini Si Kwenye Swichi

Leo tuzungumze juu ya imani moja ambayo nimeisikia hapa Kibabii, nikaisikia mjini Bungoma, na hata nilipokwenda Kitale nikaikuta imetangulia. Imani yenyewe ni hii: ukichomeka kompyuta kuukuu kwenye mtandao wa kebo wa nyumbani, basi hiyo kompyuta moja itavuta vifaa vyote nyuma. Mashine mpya zitalazimika kutembea kwa mwendo wa ile mzee. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo dawa ni moja tu: tupa zote za zamani, nunua mpya.

Mimi ni mwandishi wa programu, si fundi wa kupitisha kebo darini, lakini nilisoma sayansi ya kompyuta na mambo haya yalikuwa kwenye mtihani. Ninavyoona mimi, imani hii si ujinga. Wakati mmoja ilikuwa kweli kabisa. Shida ni kwamba ilikoma kuwa kweli miaka mingi iliyopita, na watu wanaendelea kuilipia kwa pesa zao. Kwa hiyo badala ya kubishana, napendelea nikusimulie historia. Ukijua ukweli ule ulizaliwa lini na ukafa lini, utajua mwenyewe ni lini uamini na ni lini ukatae.

Kebo moja, watu wote

Twende mwaka 1971, Hawaii. Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, wa kuunganisha kompyuta zilizotawanyika kwenye visiwa. Kila kituo kilisema kilipotaka kusema. Wawili wakisema pamoja, maneno yanagongana na kupotea, basi kila mmoja anangoja kidogo na kurudia.

Kijana mmoja aitwaye Robert Metcalfe aliisoma kazi hiyo, akaona inaweza kuboreshwa. Tarehe 22 Mei 1973, akiwa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa kupendekeza mtandao wa namna hiyo, ila badala ya redio utumie kebo. Akauita Ethaneti. Yeye na David Boggs wakaujenga, na mwaka huohuo ukaanza kufanya kazi. Kasi yake ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Usishangae namba hiyo isiyo na mviringo: ilitokana tu na saa ya ndani ya kompyuta yao iliyoitwa Alto.

Septemba 1980 kampuni tatu, yaani Digital, Intel na Xerox, zikatoa kanuni za pamoja za Ethaneti ya megabiti 10. Mwaka 1983 shirika la wahandisi la IEEE likaipitisha kuwa kanuni yake nambari 802.3, nambari ambayo tunaitumia mpaka leo.

Sasa elewa ile kebo ilivyokuwa. Haikuwa hii ya nyaya nane tunayoijua. Ilikuwa kebo moja nene ya koaksia, inafanana kidogo na ya antena ya runinga, imepita jengo zima, na kila kompyuta imejishikiza juu yake. Baadaye ikaja nyembamba na rahisi zaidi. Wote walitumia kebo ileile moja, kama baraza lisilo na mwenyekiti: unasikiliza kwanza, ukiona kimya unasema, mkigongana mnanyamaza wote na kila mmoja anangoja muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena.

Katika baraza la namna hiyo hakuna suala la kuchanganya kasi. Haliwezekani. Biti zinazopita kwenye kebo zinasikika na wote, hivyo lazima wote waseme kwa mwendo mmoja. Mwaka 1987 IEEE walipitisha Ethaneti nyingine ya megabiti 1, ya bei nafuu, ya kutumia nyaya za aina ya simu. Haikuweza kuzungumza moja kwa moja na ile ya 10. Zilikuwa familia moja kwa jina tu.

Tena kebo ile ya koaksia ilihitaji kizibo maalumu kila mwisho. Kizibo kimoja kikilegea, au mtu mmoja akichomoa vibaya nyuma ya mashine yake, mtandao mzima unakufa. Unaona? Huyo ndiye samaki mmoja wa methali. Aliyefanya kazi na mitandao ya wakati ule alikuwa na haki kabisa ya kuamini hivyo.

Habu: sanduku lisilo na kumbukumbu

Mwaka 1990 kanuni ya 10BASE-T ilipitishwa, na hapo ndipo sura ya mtandao tunaoujua ilipozaliwa: kila kompyuta na kebo yake ya nyaya zilizosokotwa, zote zinakutana kwenye sanduku moja katikati. Sanduku hilo liliitwa habu.

Kwa macho, habu inafanana na swichi. Matundu mbele, taa ndogo, waya wa stima nyuma. Lakini ndani ni kitu tofauti kabisa. Habu ni kipaza sauti tu. Biti ikiingia tundu moja, inatoka matundu mengine yote papo hapo. Haisomi anwani, haihifadhi chochote. Baraza ni lilelile, ila sasa limewekwa ndani ya sanduku. Kasi ya megabiti 10 wanagawana wote walioko pale.

Na hapa ndipo kiini cha jambo lote, kwa hiyo tulia kidogo. Ili kupokea kitu kwa mwendo wa haraka na kukitoa kwa mwendo wa polepole, lazima uwe na mahali pa kukiweka wakati unangoja. Fikiria bomba kubwa linamwaga maji kwenye bomba dogo: bila tangi katikati, maji yatamwagika chini. Habu haina tangi. Haina kumbukumbu. Kwa hiyo kwenye habu ya kawaida, vifaa vyote ni lazima viwe na kasi moja. Ukiwa na kifaa kimoja ambacho hakijui zaidi ya megabiti 10, na unataka kizungumze na wenzake kupitia habu hiyo, basi wote mtakaa 10.

Baadaye ziliuzwa habu za kasi mbili, 10 na 100. Hizo ndani yake zilikuwa kama habu mbili, moja ya wepesi na moja ya wazee, na kidaraja kidogo chenye kumbukumbu katikati. Hata watengenezaji walijua kwamba bila kumbukumbu, jambo halitendeki.

Ukitaka picha ya nyumbani, simama pale Kanduyi uangalie barabara ya kwenda Malaba. Njia moja kwenda, njia moja kurudi. Lori moja lenye makontena likipanda polepole, magari yote nyuma yake yanapanda polepole, hata kama lako ni jipya kutoka gati la Mombasa. Huo ndio mtandao wa habu.

Daraja, halafu swichi

Wakati wengine wanahangaika na baraza, katika kampuni ya Digital kulikuwa na wahandisi waliofikiri tofauti. Mark Kempf alibuni daraja la Ethaneti, sanduku lililokaa kati ya kebo mbili, likipokea fremu nzima, likisoma anwani yake, na kuipitisha upande wa pili ikiwa tu mwenyewe yuko huko. Radia Perlman, mwaka 1985, akatengeneza itifaki iliyozuia madaraja hayo kuzungusha ujumbe uleule milele pale njia zinapofanya duara. Itifaki hiyo na watoto wake bado inafanya kazi leo kwenye mitandao ya ofisi na vyuo.

Mwaka 1990 kampuni ndogo ya California, Kalpana, ikauza sanduku lenye matundu saba ambapo kila tundu ni kama kebo yake peke yake. Wakaliita swichi. Mwaka 1994 Cisco wakainunua kampuni hiyo, na swichi zikaanza safari ndefu ya kushuka bei mpaka zikafika kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya miji yetu.

Swichi ina vitu viwili ambavyo habu haina. Cha kwanza ni daftari la anwani: inajifunza nani yuko tundu gani, kwa hiyo ujumbe wa printa unakwenda kwa printa tu. Cha pili ni kumbukumbu, ile tangi niliyoisema.

Kwa sisi wa huku, mfano uko kwenye reli. Reli ya zamani inayopita Bungoma kuelekea Malaba, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, ina upana wa milimita 1000. Reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kufika Suswa mwaka 2019, ina upana wa milimita 1435. Treni ya moja haiwezi kukanyaga reli ya nyingine. Kwa hiyo kontena la kwenda Uganda likifika bohari ya Naivasha linashushwa, linawekwa, halafu linapakiwa kwenye treni ya reli nyembamba. Treni ya haraka haingoji. Imeshageuka kurudi Mombasa. Bohari ndiyo inayongoja.

Swichi ni bohari hiyo, ila inafanya kazi yake ndani ya muda usioweza kuuhisi. Fremu kubwa ya kawaida ya Ethaneti ina baiti 1518. Kwa megabiti 10 inachukua takriban milisekunde 1.2 kupita kwenye kebo. Kwa megabiti 100 ni milisekunde 0.12. Kwa gigabiti 1 ni 0.012. Swichi inaipokea kwa mwendo wa aliyetuma na kuitoa kwa mwendo wa anayepokea. Wale wawili wengine walioko matundu ya pembeni, wanaozungumza wao kwa wao kwa gigabiti, hawajui hata kama jambo hilo limetokea.

Hapo ndipo imani yetu ilipokufa. Kwenye swichi, kifaa cha polepole kinajichelewesha chenyewe, pamoja na yule anayezungumza nacho wakati huo. Basi.

Salamu ya mwaka 1995

Lakini bado kuna swali. Swichi inajuaje kwamba wewe ni wa 10 na yule ni wa 100? Mwenye nyumba hakumwambia. Alichomeka tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na ushindani wa nani ataleta Ethaneti ya megabiti 100. Kambi moja ilitaka kubaki na utaratibu wa zamani, fremu zilezile, tabia zilezile, ila mara kumi haraka. Kambi nyingine, HP ikiwa mstari wa mbele, ilileta 100VG-AnyLAN yenye utaratibu mpya kabisa wa kupeana zamu. Zote mbili zilipitishwa na IEEE mwaka 1995. Soko likaifuata ile iliyofanana na ya zamani, na ile nyingine leo utaikuta kwenye vitabu tu.

Pamoja na Ethaneti hiyo ya 100 kulikuja utaratibu wa vifaa kupatana vyenyewe, uliotokana na kazi ya kampuni ya National Semiconductor. Nataka uone ulivyo wa heshima. Kifaa cha zamani cha 10BASE-T kilikuwa na kawaida ya kutuma mpigo mmoja mfupi wa umeme kila milisekunde 16 hivi, kama kusema "niko hapa". Wabunifu hawakubadilisha kawaida hiyo. Walichofanya ni kuweka mahali pa mpigo mmoja kishindo cha mipigo kati ya 17 na 33, ndani ya milisekunde 2 hivi. Mipigo 17 ni ya kuhesabia muda. Katikati yake kuna nafasi 16: mpigo ukiwepo ni 1, usipokuwepo ni 0. Kwa biti hizo 16 kifaa kinajieleza: mimi naweza 10, naweza 100, naweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja, au naweza kwa zamu tu. Pande zote mbili zikishasikilizana, zinachagua kilicho bora ambacho wote wanakiweza.

Na kifaa kizee kikisikia kishindo hicho? Kinakichukua kama ule mpigo wake wa siku zote. "Niko hapa." Hakichanganyikiwi. Nacho kikijibu kwa mpigo wake mmoja, kifaa kipya kinatambua: aha, huyu ni wa 10, tutaongea kwa mwendo wake.

Ni kama ukimsalimia bibi kijijini kwa Kiingereza cha chuo naye akakujibu "mulembe". Hakuna aliyekukemea, lakini umeshajua mazungumzo yataendelea kwa Kibukusu.

Kuna udhaifu mmoja tu katika salamu hii, na ndio unaozaa malalamiko mengi. Kifaa kisichojieleza, kinachotoa ishara tu bila zile biti 16, kinaweza kutambuliwa kasi yake lakini si adabu yake ya kuongea. Je, anasema na kusikia pamoja, au kwa zamu? Kanuni inasema: usipojua, chukulia kwa zamu. Sasa aje mtu anayejiona mjuzi, aingie kwenye mipangilio ya kompyuta na kuifunga kwa mkono iwe "100, kusema na kusikia pamoja", halafu aiache swichi ijipange yenyewe. Kompyuta haijielezi tena. Swichi inasikia 100, haijui zaidi, inachukua "kwa zamu". Mmoja anasema bila kungoja, mwingine anaona migongano kila dakika. Kurasa ndogo zinafunguka, lakini faili kubwa linatambaa kama kinyonga. Na lawama zinaangukia kompyuta kuukuu!

Ndiyo maana kanuni ya gigabiti 1 kwenye kebo ya shaba, iliyotoka mwaka 1999, ililazimisha kupatana. Si hiari tena. Na mwaka 2016 zilipotoka kasi za gigabiti 2.5 na 5 zinazotumia kebo zilezile zilizokwisha fungwa ukutani, salamu ni ileile iliyorefushwa.

Kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwetu

Unaweza kuuliza, historia ya California inatuhusu nini huku chini ya Mlima Elgon? Inatuhusu sana.

Kenya ilianza kupata intaneti kamili mwaka 1995, mwaka uleule wa salamu niliyoieleza. Kwa miaka kumi na minne iliyofuata njia yetu ya nje ilikuwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu, kupanda na kushuka mara mbili, vinakula karibu nusu sekunde hata kabla ya msongamano. Saiba za miaka ile, za Nairobi hata za miji yetu ya magharibi, zilikuwa na kompyuta nyingi zikigawana njia nyembamba ya kilobiti chache. Mtandao wa ndani wa megabiti 10 ulikuwa mpana kupita kiasi ukilinganisha na mlango wa kutokea.

Na kompyuta zenyewe zilikuwa za aina gani? Mitumba. Nyingi zilitoka ofisi za Ulaya na Marekani zilizokwisha kubadilisha mashine. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kwa kazi hiyohiyo ya kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Ukikusanya mashine za namna hiyo unapata mchanganyiko: hii ina kadi ya 10, ile ya 100, nyingine mpya kidogo. Kama wabunifu wa 1995 wangesema "wazee wakae kando", maabara nyingi za shule zetu zisingewaka. Ile heshima kwa kifaa cha zamani, iliyoandikwa na watu ambao huenda hawakuwa wakiifikiria shule ya Chwele au Kimilili, ndiyo iliyotufungulia mlango.

Hata kitaifa swichi ilitupigania. Kabla ya KIXP, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humohumo ulipanda setilaiti, ukazunguka ng'ambo, ukarudi. KIXP kimsingi ni chumba chenye swichi za Ethaneti ambako kampuni hizo hukutana, kila moja na kasi ya laini yake. Ilifunguliwa Novemba 2000. Mwezi uliofuata tume ya mawasiliano ikaifunga, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za nje, kulalamika. Ikafunguliwa tena Februari 2002. Safari iliyokuwa ikizidi sekunde nzima ikashuka kuwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna aliyeambiwa aondoke kwa sababu laini yake ni nyembamba. Swichi iliwabeba wote.

Halafu ukaja mwaka 2009. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, EASSy ikafuata mwaka 2010. Faiba ikaanza kupanda bara mpaka kwenye nyumba. Hapo mambo yakageuka chini juu: kwa mara ya kwanza, palipo pembamba pakaweza kuwa ndani ya nyumba yako na si nje. Ndipo watu wakaanza kutafuta mchawi, na mkongwe wa kwenye kona akawa wa kwanza kushukiwa.

Kisa cha duka la uchapishaji

Chuo Kikuu cha Kibabii kilianza kama chuo kishiriki mwaka 2011 na kupewa hati yake Novemba 2015. Tangu hapo nyumba za kupanga na maduka ya kuchapisha yamechipuka kama uyoga. Mama mmoja ana duka la namna hiyo sebuleni mwake, upande wa barabara. Ana kompyuta tatu za mtumba, printa moja ya siku nyingi, na swichi ya matundu manane. Chumba cha nyuma mwanawe ana mashine mpya mbili za kuhariri video za harusi.

Kunakili video kutoka mashine moja mpya kwenda nyingine kulikuwa kunachukua muda mrefu. Fundi fulani akaja, akaangalia, akatoa hukumu: kompyuta tatu za dukani ndizo zinazovuta, zitolewe zote. Mama alikuwa tayari ameanza kuuliza chama chake mkopo. Mwanawe akaniita.

Nilichomoa kompyuta zote za dukani na printa. Tukanakili faili la gigabaiti 1. Sekunde themanini na kitu. Nikazirudisha zote. Sekunde zilezile. Hiyo peke yake ilitosha kuwaachia huru washtakiwa. Nikaandika amri ya ethtool kwenye mashine ya Linux, ikajibu kasi ni megabiti 100. Mashine zina kadi za gigabiti, swichi ni ya gigabiti. Nani amewapatanisha kwenye 100?

Kebo. Ethaneti ya 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya kati ya nne. Ya gigabiti inatumia zote nne. Aliyepitisha kebo ile ya ukutani alibana nyaya nne tu kichwani, nyingine nne akazikata. Miaka ya nyuma ujanja huo ulikuwa wa kawaida, hata watu waligawa kebo moja kuhudumia kompyuta mbili. Vifaa vilisalimiana, vikajaribu gigabiti, vikaona jozi hazitoshi, basi mtandao ukashuka kwenye kile kinachowezekana bila kulalamika. Nikabana vichwa viwili vipya na nyaya zote nane. Faili lilelile: chini ya sekunde kumi.

Kisha, ili kukata mzizi wa fitina, nikaiambia kompyuta moja ya dukani ijitangaze kuwa ya megabiti 10 tu, nikaianzisha kunakili mfululizo. Kwa kasi hiyo faili la gigabaiti 1 lingemaliza dakika kumi na nne. Huku nyuma mashine mpya ziliendelea kumaliza kwa sekunde tisa. Mama akatazama saa, akatazama kompyuta zake, akasema chama kingoje.

Pale imani bado ina ukweli

Sitaki uondoke ukifikiri kasi hazigombani kamwe. Ziko sehemu nne za kuangalia.

Kwanza, Wi-Fi. Hewa ni baraza lilelile la zamani, wote wanagawana muda. Kifaa cha polepole kikishika zamu, kinaishika kwa muda mrefu. Huko methali ya samaki ina uzito, na nadhani ndiko watu wanakoendelea kuokota imani hii na kuileta kwenye kebo.

Pili, njia ya pamoja. Ukiwa na swichi mbili zilizounganishwa na kebo moja, au ruta yenye matundu ya 100 katikati ya mashine za gigabiti, kila kinachopita hapo kinabanwa. Kosa si la kifaa kizee, ni la mahali ulipokiweka kile chembamba. Kibaki pembeni, kisiwe daraja.

Tatu, ishara ya "ngoja kidogo" iliyoingia kwenye kanuni mwaka 1997. Kifaa kilicholemewa kinaweza kumwomba mwenzake asimame. Kwenye baadhi ya swichi rahisi, mtumaji akisimamishwa kwa ajili ya mmoja anawangojesha na wengine aliokuwa akiwatumia.

Nne, usalama. Hili halihusu kasi, lakini ndilo sababu halali ya kustaafisha mashine. Windows XP iliacha kupata marekebisho mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kuwekewa Linux na kuishi miaka mingine.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, fanya mambo matatu. Tazama kasi ambayo kila mashine imekubaliana na swichi. Badilisha kebo kwa nyingine unayoiamini. Na popote ulipokuta kasi imefungwa kwa mkono, iachilie ijipange yenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na waliotunga ile salamu ya mwaka 1995 walijenga mtandao wenye nafasi kwa mbachao na msala pamoja.

Haya, kwa leo niishie hapo. Mulembe.